SOMO: NAMNA YA KUULIZA UKOO WA VITU NDANI YA TABLO



Somo hili ni kwanza la wale wanaojifunza kompyuta, lakini hata ndugu wa mwaka wa kwanza ataweza kulifuata. Hatutatumia kitu kigumu. Chukua kaye, biki na rula. Tutajifunza namna ya kuuliza hifadhidata ulizo linalohusu ukoo wa vitu, tupate jibu la kweli, tena upesi, bila kuichokesha mashini.

Kwanza tuone faida yake. Mji wetu wa Goma unaijua kolera tangu zamani. Mwezi wa saba wa mwaka 1994, wakimbizi walipofika hapa kutoka Rwanda, watu karibu 50,000 walikufa kwa muda wa mwezi mmoja tu, na wengi wao waliuawa na kuhara: kolera, kisha kuhara damu. Tangu hapo kolera imerudi mara nyingi kandokando ya ziwa Kivu. Basi wale wanaopeleka maji safi na klori wanapaswa kujua waanzie wapi. Wanauliza: «Juma hili, katika komini ya Karisimbi, wagonjwa wa tumbo la kuambukiza ni wangapi?» Ulizo hili linaonekana rahisi. Lakini mashini inaweza kujibu 0, wakati wagonjwa wako 10. Na haitakuwa imesema uongo! Itakuwa imejibu kile ilichoulizwa. Tuone namna gani jambo hili linawezekana.

1. ONTOLOJIA NI NINI?

Ontolojia ni orodha ya vitu pamoja na mahusiano yao, iliyoandikwa wazi hata mashini iweze kuifuata. Siyo kamusi tu. Kamusi inakupa maana ya neno moja moja. Ontolojia inakuambia neno hili ni la ukoo gani, nani ni mzazi wake, nani ni watoto wake.

Mahusiano ni ya namna nyingi, lakini mawili ndiyo yanatumika zaidi:

a) NI AINA YA. Chukudu ni aina ya chombo cha kubeba mizigo. Kolera ni aina ya ugonjwa wa tumbo wa kuambukiza.

b) NI SEHEMU YA. Gurudumu ni sehemu ya chukudu. Kartiye Ndosho ni sehemu ya komini ya Karisimbi.

Usichanganye haya mawili. Gurudumu siyo aina ya chukudu. Huwezi kubebesha gurudumu peke yake viazi vya Masisi. Vilevile Ndosho siyo aina ya Karisimbi. Lakini yote mawili yanafanana kwa jambo moja: yanapita toka kizazi hata kizazi. Kama Ndosho ni sehemu ya Karisimbi, na Karisimbi ni sehemu ya mji wa Goma, basi Ndosho ni sehemu ya mji wa Goma, hata kama hakuna mtu aliyeandika neno hilo mahali popote. Sisi watu tunalielewa bila kufikiri. Mashini haielewi mpaka tuiambie. Hapo ndipo kazi yetu yote inaanza.

2. JINA SIYO KITU

Kabla ya kuchora tablo, tuangalie mtego wa kwanza. Ukisema «Goma», unasema nini? Kuna mji wa Goma. Ndani ya huo mji kuna komini ya Goma. Tena kuna zoni ya afya ya Goma. Jina ni moja, vitu ni vitatu. Ukisema «Karisimbi», kuna komini, kuna zoni ya afya, na kuna volkano yenyewe, mlima wa metre 4,507 kwenye mpaka wetu na Rwanda. Ukisema «Virunga», kuna milima, kuna mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, na kuna kartiye ya hapa mjini.

Kinyume chake kipo pia. Kolera, choléra, kipindupindu: majina ni matatu, ugonjwa ni mmoja.

Kwa hiyo sheria ni hii: kila kitu kipewe namba yake, na majina yaandikwe pembeni. Ndivyo wanavyofanya watu wa OpenMRS, programu ya kutunza habari za wagonjwa iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Ndani yake kuna tablo moja ya maana, ambapo kila maana ina namba, na kuna tablo nyingine ya majina, ambapo namba moja inaweza kuwa na jina la Kiswahili, la Kifaransa na la Kiingereza. Munganga anaandika kwa lugha yake, lakini hesabu inafanyika kwa namba.

3. TABLO YA MZAZI

Hifadhidata ya tablo ilifundishwa na Edgar Codd wa kampuni IBM katika maandishi yake ya mwaka 1970. Shauri lake ni hili: habari zote ziwekwe ndani ya tablo zenye mistari na safu, na mtu aulize anachotaka bila kujua mashini imeficha wapi. Tablo iko na uzuri mwingi. Lakini tablo ni bapa kama meza, na ukoo unasimama kama mti. Namna gani kulaza mti juu ya meza?

Njia ya kwanza ni kuandika kwa kila kitu mzazi wake tu. Chora hii tablo ndani ya kaye yako, uiite MAHALI:

namba – jina – mzazi
1 – Kongo – (hakuna)
2 – Kivu ya Kaskazini – 1
3 – Mji wa Goma – 2
4 – Komini Karisimbi – 3
5 – Komini Goma – 3
6 – Ndosho – 4
7 – Majengo – 4
8 – Katoyi – 4
9 – Himbi – 5
10 – Keshero – 5

Mji uko na kartiye zingine, lakini kwa somo hizi zinatosha.

Sasa tablo ya magonjwa, uiite UGONJWA. Tunatwaa namba zetu wenyewe:

namba – jina – mzazi
20 – Magonjwa ya tumbo ya kuambukiza – (hakuna)
21 – Kolera – 20
22 – Tifoidi – 20
23 – Kuhara damu – 20

Mwishoni tablo ya RIPOTI. Angalia vizuri: hizi hesabu ni za mfano tu, hazikutoka kwa sentre yoyote ya afya.

mahali – ugonjwa – hesabu
6 (Ndosho) – 21 (kolera) – 4
7 (Majengo) – 23 (kuhara damu) – 3
8 (Katoyi) – 21 (kolera) – 2
4 (Komini Karisimbi) – 21 (kolera) – 1
9 (Himbi) – 21 (kolera) – 5

Ripoti ya nne inasema komini tu, bila kartiye. Jambo hili linatokea: mgonjwa alifika bila nguvu ya kusema anakaa wapi.

Sasa tuulize mashini bila kufikiri: «Nipe hesabu ya mahali 4 na ugonjwa 20.» Itatafuta mstari wenye 4 na 20. Hakuna. Jibu: 0. Tuulize kolera peke yake, mahali 4 na ugonjwa 21. Jibu: 1. Lakini sisi tunaona kwa macho kwamba ndani ya Karisimbi kuna 4 + 3 + 2 + 1, maana yake 10. Ikiwa anayepanga safari za gari la maji anasoma 0 ao 1 kwa Karisimbi na 5 kwa Himbi, gari litaenda Himbi. Watu wa Ndosho watabaki wanangoja na bido zao.

4. KUPANDA NGAZI KILA MARA

Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni kuuliza hatua kwa hatua. Watoto wa 3 ni nani? Ni 4 na 5. Watoto wa 4 ni nani? Ni 6, 7 na 8. Watoto wa 5? Ni 9 na 10. Watoto wa 6? Hakuna. Na kadhalika.

Jibu litakuwa la kweli, lakini angalia hasara. Kila ulizo ni safari. Tuseme umetuma mtoto sokoni Virunga kununua chumvi. Amerudi, umemtuma tena sabuni. Amerudi, umemtuma tena mafuta. Atachoka, na chakula kitachelewa. Afazali umpe karatasi moja yenye vitu vyote. Kwa mti wa matawi 10 hutaona ubaya. Lakini inchi yetu iko na majimbo 26 na zoni za afya zaidi ya 500. Kila zoni iko na maeneo ya afya yake, kila eneo liko na sentre. Ukituma ulizo moja kwa kila tawi, na mashini yenye habari iko mbali, na megabaiti zinalipwa kwa feza, utangoja mpaka umeme ukatike.

Kwa hiyo sheria ya pili: usiulize mara elfu kile unachoweza kuuliza mara moja.

Lugha ya SQL, ndiyo lugha ya kuulizia tablo, ilipata dawa katika mapatano yake ya mwaka 1999. Ni neno RECURSIVE. Linaiambia mashini: «Anza na huyu, tafuta watoto wake, kisha watoto wa watoto, mpaka waishe, ndipo uniletee wote.» Safari zote zinafanyika ndani ya mashini yenyewe. Programu PostgreSQL inalijua tangu 2009, SQLite tangu 2014, na MySQL tangu 2018. Kama mti wako ni mdogo, ao maulizo ni machache, dawa hii inatosha. Usitafute shida nyingine.

Lakini ujihazari na mzunguko. Kama mtu aliandika kwa kosa kwamba mzazi wa Karisimbi ni Ndosho, mashini itashuka toka Karisimbi mpaka Ndosho, toka Ndosho mpaka Karisimbi, bila mwisho. Ukiunganisha hatua kwa neno UNION peke yake, mashini inatupa yale iliyokwisha kuona, na itasimama. Ukitumia UNION ALL inayabeba tena yote, na haitasimama.

5. DAWA TATU ZA KUJIBU UPESI

Tuseme sasa maulizo ni mengi, kila siku, toka kwa watu wengi. Kupanda ngazi ileile kila mara ni kazi bure. Tunaweza kuipanda mara moja tu, siku ya kuandika, na kuweka matunda yake tayari. Ziko namna tatu.

DAWA YA KWANZA: NJIA. Kwa kila mahali tunaandika njia yote toka juu. Ndosho inakuwa /1/2/3/4/6/. Majengo inakuwa /1/2/3/4/7/. Himbi ni /1/2/3/5/9/. Ukitaka vyote vilivyo ndani ya Karisimbi, unatafuta kila njia inayoanza na /1/2/3/4/. Basi! Ndivyo inavyofanya DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo inayotumika kwa hesabu za afya katika inchi nyingi za Afrika. Kenya iliitumia kwa inchi nzima tangu 2011, na Wizara ya Afya ya Kongo nayo imeichukua. Katika DHIS2 kila mahali pana safu ya njia, tena programu inatayarisha tablo ya pembeni yenye safu moja kwa kila ngazi, ili hesabu zitoke upesi.

Mtego wake: usisahau alama / ya mwisho. Ukitafuta kinachoanza na /1/2/3/4 bila kufunga, utaokota hata /1/2/3/45/, na huyo siyo mtoto wa Karisimbi.

Magonjwa pia yana njia yao. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, ile ya kumi, iliyokubaliwa mwaka 1990, kolera ni A00, tifoidi iko ndani ya A01, na kuhara damu ya shigela ni A03. Yote yanakaa katika kundi la A00 mpaka A09. Kolera ya aina El Tor ni A00.1. Unaona? Mtoto anabeba jina la mzazi wake mbele. Anayetafuta «A00» mwanzoni mwa neno anapata kolera zote.

DAWA YA PILI: NAMBA MBILI. Fikiri unatembea ndani ya lupango kubwa yenye nyumba, na ndani ya nyumba vyumba. Ukiingia mlango unaandika namba. Ukitoka unaandika namba inayofuata. Tukitembea ndani ya mti wetu: Kongo 1–20, Kivu ya Kaskazini 2–19, mji wa Goma 3–18, Karisimbi 4–11, Ndosho 5–6, Majengo 7–8, Katoyi 9–10, komini Goma 12–17, Himbi 13–14, Keshero 15–16. Sasa kila kilicho ndani ya Karisimbi kina namba ya kuingia iliyo kati ya 4 na 11. Ulizo moja, bila kupanda ngazi yoyote. Joe Celko wa Marekani ndiye aliyefundisha watu wengi njia hii katika miaka ya 1990.

DAWA YA TATU: TABLO YA UKOO. Tunaandika kila mkubwa na kila aliye chini yake, wa karibu na wa mbali, pamoja na kila mtu na nafsi yake. Kwa Ndosho tunaandika mistari mitano: (6,6), (4,6), (3,6), (2,6), (1,6). Kwa mti wetu wote wa vitu 10 tunapata mistari 39. Jaribu mwenyewe: Kongo 1, Kivu ya Kaskazini 2, mji 3, komini mbili mara 4, kartiye tano mara 5. 1 + 2 + 3 + 8 + 25 = 39.

Kwa nini kila mtu na nafsi yake? Sababu ya ile ripoti iliyosema «Komini Karisimbi» tu. Bila mstari (4,4) mgonjwa huyo angepotea.

Ukifanya vilevile kwa magonjwa, ulizo letu la kwanza linakuwa hivi. Maneno ya SQL tunayaacha kama yalivyo:

SELECT SUM(r.hesabu)
FROM ripoti r
JOIN ukoo_mahali m ON m.mtoto = r.mahali
JOIN ukoo_ugonjwa u ON u.mtoto = r.ugonjwa
WHERE m.mkubwa = 4 AND u.mkubwa = 20;

Jibu: 10. Mashini haikufikiri chochote kuhusu jamaa. Ilisoma yaliyoandikwa.

Lakini dawa hizi hazina nguvu bila indeksi. Indeksi ni kama orodha ya majina mwishoni mwa kitabu: unaruka moja kwa moja kwenye ukurasa. Bila hiyo mashini inasoma kitabu chote. Indeksi ifuate ulizo. Kama unauliza «nani wako chini ya 4?», ianze na mkubwa, kisha mtoto. Kama unauliza «Ndosho iko chini ya nani?», unahitaji nyingine inayoanza na mtoto. Kwa dawa ya njia vilevile: indeksi inasaidia ukijua mwanzo wa neno. Ukitafuta kipande cha katikati, ni sawa na kutafuta ndani ya orodha ya majina wote wenye herufi «sh» katikati, utaisoma yote.

6. KILA DAWA IKO NA BEI YAKE

Sasa tuongeze kartiye Mugunga chini ya Karisimbi. Kwa njia: tunaandika mstari mmoja tu. Kwa tablo ya ukoo: mistari mitano mipya, ile ya zamani haiguswi. Kwa namba mbili: Mugunga inachukua 11–12, na kila namba iliyokuwa 11 ao zaidi inasogea. Hesabu: Karisimbi, komini Goma, Himbi, Keshero, mji, jimbo na Kongo. Mistari saba kati ya kumi inaandikwa upya. Kwa hiyo namba mbili ni nzuri kwa mti usiobadilika, na ni mzigo kwa mti unaokua.

Tena kuna watoto wenye wazazi wawili. Kifua kikuu kikishika ngozi ya ubongo, ugonjwa huo ni aina ya kifua kikuu, tena ni aina ya ugonjwa wa ubongo. Njia moja haiwezi kusema yote mawili, na namba mbili haziwezi. Hapo tablo ya ukoo inashinda: unaongeza mistari tu. Lakini fanya sheria kwamba wawili (mkubwa, mtoto) wasiandikwe mara mbili, hata kama kuna njia mbili za kufika. Usipofanya hivyo mgonjwa mmoja atahesabiwa kama wawili. Tena usijumlishe majumla: ukichukua jumla ya magonjwa ya kuambukiza na jumla ya magonjwa ya ubongo, ukaziongeza, huyo mgonjwa yuko ndani ya zote mbili.

Iko pia shauri lingine: tusiandike ukoo mbele, bali tupanue ulizo lenyewe. Mtu anauliza «magonjwa ya tumbo», na programu inaligeuza kuwa «kolera ao tifoidi ao kuhara damu» kabla ya kulipeleka kwenye tablo. Shirika la W3C, linalopanga mapatano ya wavuti, lilitoa mwaka 2009 lugha ndogo ya ontolojia inayoitwa OWL 2 QL, iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hii. Faida yake: hakuna tablo ya kuandika upya ukoo ukibadilika. Hasara: ukoo ukiwa mkubwa, ulizo linakuwa refu kama barabara ya Sake. Kwa hiyo chagua hivi: ukoo unaobadilika mara chache na unaoulizwa sana, andika mbele; ukoo unaobadilika kila siku na unaoulizwa kidogo, panua ulizo.

7. UKOO UNA TAREHE

Mwaka 1987 hapakuwa na jimbo la Kivu ya Kaskazini. Kulikuwa na Kivu moja, na mwaka 1988 iligawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Mwaka 2015 majimbo ya Kongo yalitoka 11 yakawa 26. Hapo Ituri ilitoka ndani ya jimbo la Orientale. Basi ukiuliza hesabu za Ituri za mwaka 2010 kwa mti wa leo, ao hesabu za Orientale kwa mti wa leo, utapata jibu lililopinda.

Dawa: kila uhusiano uandikwe na mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Usifute mzazi wa zamani, mfungie tarehe. Jambo hili lilionekana lina uzito wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoshika watu 3,470 na kuua 2,287. Ilitembea Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikafika hata Kivu ya Kusini, na hapa Goma mgonjwa wa kwanza alijulikana mwezi wa saba 2019. Virusi havikuuliza mpaka wa jimbo. Anayetaka kuhesabu ugonjwa wa namna hiyo anapaswa kuweza kupanda ngazi moja juu ya jimbo na kurudi chini, bila kumpoteza mtu njiani.

8. SIFURI NA KIMYA

Hili ni jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Tablo inaamini kwamba kisichoandikwa hakipo. Ontolojia inasema: kisichoandikwa hakijulikani. Ni tofauti kubwa! Kama Keshero haina mstari ndani ya RIPOTI, je, hakuna mgonjwa Keshero? Ao sentre haikutuma karatasi? Ao njia ilifungwa kwa sababu ya vita?

Ukiuliza SUM, mashini inajumlisha iliyoyaona na kunyamaza juu ya yale isiyoyaona. Ndani ya DHIS2, sifuri haihifadhiwi mpaka aliyepanga mfumo aamuru hivyo. Kwa hiyo sifuri na kimya vinaweza kufanana ndani ya tablo. Ndiyo maana programu hiyo inaandika pembeni kama ripoti ya mahali fulani ilikamilika ao hapana. Basi kila mara uulize maulizo mawili pamoja: «Wagonjwa ni wangapi?» na «Ni mahali pangapi walioleta ripoti, kati ya wote waliopaswa kuleta?» Jibu la 10 toka mahali wanne kati ya wanne siyo sawa na 10 toka mahali wanne kati ya kumi na moja. Kijiji kilichonyamaza pengine ndicho kilicho na shida zaidi, maana hata wa kuandika amelala.

9. YA KUSHIKA MOYONI

– Tofautisha «ni aina ya» na «ni sehemu ya».
– Kitu kipewe namba. Majina yakae pembeni.
– Mti mdogo, maulizo machache: tumia RECURSIVE, inatosha.
– Mti wa mzazi mmoja unaokua: tumia njia. Mti wa wazazi wengi: tumia tablo ya ukoo, na kila mtu na nafsi yake.
– Weka indeksi inayofuata ulizo.
– Andika tarehe za ukoo.
– Usihesabu kimya kama sifuri.

Mtu atasema: kazi hii ni ya watu wakubwa wa Kinshasa na Ulaya. Hapana. SQLite ni ya bure, inaingia hata ndani ya simu ndogo, na inafanya kazi bila intaneti. Na kabla ya simu, kaye inatosha. Upesi wa jibu ni mzuri, lakini hatuutafuti juu ya sifa. Tunautafuta ili yule anayeuliza asichoke, asiache kuuliza, asitosheke na lile jibu la 0.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Chagua: (a) ni aina ya, (b) ni sehemu ya. Tilapia na samaki. Magezi na samaki. Himbi na komini Goma. Motari na chombo cha safari.
2. Kwa tablo ya RIPOTI, kolera peke yake katika mji wote wa Goma ni ngapi? (Ukipata 12 umefuata vizuri.)
3. Ongeza kartiye Lac Vert chini ya komini Goma. Tablo ya ukoo itakuwa na mistari mingapi, ukianza na ile 39 na bila Mugunga?
4. Andika njia ya Keshero.
5. Ndani ya RIPOTI, kartiye gani imenyamaza? Utamwambia nini anayepeleka maji?

Wa kalasi za chini wafanye 1 na 4. Wengine wafanye yote, kwanza kwa kaye, kisha kwa mashini. Majibu yakikosana, hesabu tena mti kwa kidole. Mara nyingi ni (4,4) iliyosahauliwa.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa sita, Ndosho